Ngoma ya sikio ikipasuka chini ya maji, ndiyo kukomaa?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa kuzamia huku Mafia, nina miaka 26. Nazamia pweza na kamba koche kwa pumzi yangu mwenyewe, situmii mtungi, kina cha pima tatu mpaka sita. Wiki tatu zilizopita nilikuwa na mafua, lakini nikaenda hivyo hivyo kwa sababu bahari ilikuwa imetulia. Nilipofika kama pima ya tatu sikio la kushoto liliuma vibaya. Nikabana pua nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Nikasikia kitu kimelia 'pwaa' ndani ya kichwa na maumivu yakaisha palepale, ila bahari yote ikaanza kunizunguka, sikujua juu wapi chini wapi. Nikafuata mapovu yangu ndiyo nikatoka. Sikio lilitoa damu kidogo. Kizunguzungu kiliisha baada ya dakika chache. Tangu siku hiyo nasikia kama nimeingiza kichwa kwenye mtungi, kuna mlio mwembamba kama wa nyenje usiku, na nikipenga kamasi hewa inapiga mluzi sikioni. Wazee wa kuzamia wananiambia nishukuru, sikio limefunguka, sasa nimekomaa na sitaumwa tena. Mama ananitilia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu. Rafiki yangu amenunua dawa ya matone duka la dawa. Je, wazee wana haki? Nitakuwa kiziwi? Nirudi lini kazini? Na je, nikihamia kwenye mpira wa kompresa, ule wa kuvutia hewa chini ya maji, sikio litapona usumbufu huu?"

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaokaa mbele yangu, na hilo la kufuata mapovu lilikuokoa maisha. Nitafika kwa wazee, kwa mama na kwa kompresa, lakini kuna mambo ya kufanya leo kabla hujamaliza kusoma. Usizame tena hata pima moja mpaka sikio lichunguzwe. Usitie kitu chochote sikioni, si mafuta wala matone ya rafiki yako. Na usipenge kamasi kwa nguvu, wala usijaribu tena kusikiliza ule mluzi, kwa sababu kila unapoupiga unafungua upya kidonda kinachojaribu kufunga.

Nionavyo mimi, ngoma ya sikio lako la kushoto imetoboka. Mluzi wa hewa ndio unaonishawishi zaidi kuliko ile damu. Ngoma ikiwa nzima, hewa ya puani haina njia ya kutokea sikioni. Kutoboka kwenyewe si msiba, kwa kuwa matundu mengi ya namna hii hufunga yenyewe. Kinachonitia wasiwasi ni ule mlio wa nyenje pamoja na namna ulivyopuliza, na nitakueleza kwa nini. Ili unielewe inabidi tuingie ndani ya sikio pole pole, kama mtu anayeshuka kwa kamba ya nanga.

Tundu unaloliona nje lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Mwisho wake kuna ngoma, ambayo vitabu vya shule huiita kiwambo: utando wa upana wa sentimita moja na unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, na hicho ndicho sikio la kati. Ndani yake wamening'inia mifupa watatu walioshikana mikono: nyundo, aliyeungana na ngoma; fuawe katikati; na kikuku, mdogo kuliko mifupa yote mwilini, urefu wake milimita tatu tu. Mguu wa kikuku umekaa kwenye kidirisha kinachoingia sikio la ndani, na sikio la ndani limejaa maji.

Kwa nini Mungu aweke mifupa mitatu hapo, sauti isiingie moja kwa moja? Wewe mzamiaji unalijua jibu kuliko mwanafunzi wa udaktari. Ukiwa chini pima mbili, mwenzako akikuita kutoka kwenye ngalawa humsikii. Sauti ya hewani ikigonga maji hurudi karibu yote, na inayopenya ni kiasi cha sehemu moja katika elfu. Ndani ya kichwa chako kuna shida hiyo hiyo, hewa upande huu na maji upande ule. Sikio la kati limeumbwa kuivuka. Eneo la ngoma linalotikisika ni kubwa kama mara 17 kuliko kidirisha anachokisukuma kikuku, kwa hiyo nguvu iliyokusanywa kwenye uwanja mpana inamiminwa kwenye kitundu kidogo. Mifupa nayo hufanya kazi ya mtaimbo na kuongeza kidogo. Ukijumlisha, msukumo unaofika majini ni kama mara 22 ya ule uliogonga ngoma. Ngoma yenye tundu haikusanyi vizuri, ndiyo maana dunia inasikika kama imo ndani ya mtungi.

Sasa ile hewa ya chumbani. Lazima iwe na shinikizo sawa na la nje, la sivyo ngoma inavutwa upande mmoja na haiwezi kutikisika. Kazi hiyo inafanywa na mrija mwembamba unaotoka chumba hicho mpaka nyuma ya pua, urefu wake kwa mtu mzima sentimita tatu na nusu hivi. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la mganga wa Italia wa karne ya 16, Bartolomeo Eustachi. Watu wengi hudhani mrija huu uko wazi muda wote. La, kwa kawaida umefumba. Unafunguka kwa sekunde tu unapomeza mate au kupiga miayo, na ule mlio mdogo wa "tik" unaousikia ndio wenyewe. Ukiwa na mafua, utando wake unavimba na ute unauziba. Uliingia baharini siku hiyo mlango ukiwa umefungwa tayari.

Sasa hesabu. Juu ya maji tunabeba uzito wa hewa, kipimo kimoja. Kila mita kumi za maji zinaongeza kipimo kingine kamili. Ukifika mita kumi, yaani pima tano na nusu, shinikizo limekuwa maradufu na hewa iliyofungiwa inajikunja mpaka nusu ya ujazo wake. Kosa la watu ni kudhani hatari iko huko chini sana. Badiliko kubwa kuliko yote liko pale mwanzo: kutoka juu mpaka mita kumi hewa inapungua nusu nzima, lakini kutoka kumi kwenda ishirini inapungua sehemu moja ya sita tu ya ile uliyoanza nayo. Ndiyo maana sikio linauma kwenye pima ya kwanza na ya pili, kabla hata hujaona mwamba. Kwenye pima yako ya tatu, maji yalikuwa yanaisukuma ngoma kwa uzito wa kama gramu 300, huku upande wa pili hakuna kinachoishikilia. Utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu unabebeshwa theluthi ya kilo.

Na kuna mtego mmoja ambao wazamiaji wengi hawaujui. Tofauti ya shinikizo ikishafika kama ile ya kina cha mita moja na kidogo, mdomo wa mrija upande wa pua unabanwa na kujifunga kabisa, na misuli ya kumeza haina tena nguvu ya kuufungua. Ukisubiri mpaka uumwe ndipo upulize, umechelewa, unasukuma mlango uliopigwa komeo. Wewe ulisukuma kwa nguvu zako zote.

Ndipo tunafika kwa wazee. Sitawadharau, kwa sababu walichokiona ni kweli. Ngoma ikipasuka, maji yanaingia chumbani, shinikizo linalingana pande zote na maumivu yanakoma. Mtu mwenye tundu la kudumu anaweza kushuka bila kuumwa. Wazee wameona hivyo kwa macho yao miaka mingi, wakaita kukomaa. Lakini maumivu yale yalikuwa bawabu anayekuzuia mlangoni usipite na mzigo wa hatari, na sasa bawabu ameuawa. Waulize wazee hao hao, kwa heshima, wangapi kati yao wanasikia vizuri wakiitwa kutoka nyuma. Waulize wangapi sikio linatoa usaha kila msimu. Na wale waliozama wasirudi, ambao kijiji kilisema wamechukuliwa na bahari, hatuna wa kumwuliza.

Nasema hivyo kwa sababu ya kile kizunguzungu chako. Pembeni kabisa ya sikio la kati, ndani ya mfupa, kuna vijifereji vitatu vilivyopinda nusu duara, vimejaa maji, kila kimoja kimeelekea upande wake. Ukigeuza kichwa, maji yale yanabaki nyuma kidogo, yanainamisha vinywele vidogo, na ubongo unajua umegeuka. Kimoja kati ya vitatu hivyo kiko karibu mno na chumba cha hewa. Bahari yetu hata ikiwa na joto ina nyuzi 26 mpaka 29 hivi, na mwili wako una 37. Maji ya bahari yakiingia kupitia tundu la ngoma, yanapoza upande mmoja wa kijifereji. Maji ya ndani yaliyopoa yanazama, yale ya moto yanapanda, na mkondo unaanza. Ubongo hauna habari za baridi. Unachojua ni kwamba maji yanatembea, basi unaamini kichwa kinazunguka. Upande wa kulia hakuna kitu, na tofauti hiyo ndiyo iliyoipindua bahari mbele yako. Maji yalipopata joto la mwili, mkondo ulisimama.

Jambo hili lilifumbuliwa na daktari wa Vienna, Robert Bárány. Alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, akaona maji baridi yanawatia kizunguzungu na kuyafanya macho yachezecheze upande mmoja, maji ya moto sana yanafanya hivyo upande wa pili. Kutokana na kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya 1914, na habari zilimkuta akiwa mateka wa vita Urusi. Mpaka leo tunatumia njia yake kupima sikio la ndani, lakini tunampima mtu akiwa amelala kitandani na muuguzi amemshika mkono. Wewe ulipimwa ukiwa pima tatu chini, pumzi moja kifuani, huoni upeo wa macho wala huna uzito miguuni wa kukuambia chini ni wapi. Mtu katika hali hiyo anaweza kuogelea kwa bidii zake zote kuelekea sakafuni. Mwenye tundu la kudumu anakutana na hatari hii kila anaposhuka.

Sasa sehemu inayonifanya nikuombe upande boti mapema. Chini ya vile vijifereji, kwenye mfupa huo huo, kuna koklea, mrija uliojikunja kama konokono mizunguko miwili na nusu. Ukiunyoosha ni milimita 35 hivi. Kikuku akisukuma kidirisha chake, wimbi linakimbia ndani ya maji ya konokono: sauti nyembamba zinaishia karibu na mlango, sauti nzito zinafika mpaka kileleni. Georg von Békésy ndiye aliyelionyesha wimbi hilo, naye akapata Nobel mwaka 1961. Njiani limetandikwa zulia la chembe zenye vinywele, kama 3,500 zinazopeleka habari kwenye ubongo na kama 12,000 zinazosaidia kukuza. Hizo ndizo ulizozaliwa nazo. Kuku akiharibikiwa na chembe zake anaotesha nyingine. Binadamu hatuoti tena hata moja.

Maji hayabanwi. Kwa hiyo kikuku akisukuma kwenye dirisha lake, lazima pawe na mahali pengine pa kutunia, na mahali hapo ni dirisha la pili, la duara, lililofungwa kwa utando laini mno. Mtu akibana pua na kupuliza kwa nguvu zote huku mrija umejifunga, hewa haifiki sikioni, lakini shinikizo linapanda kichwani, kwenye mishipa na kwenye maji yanayozunguka ubongo. Maji hayo yana njia nyembamba ya kuwasiliana na maji ya konokono. Utando wa dirisha la duara unaweza kupasukia nje, maji ya ndani yakavuja, na chembe zikaanza kufa. Ajali hiyo inaweza kutokea ngoma ikiwa nzima, na inaweza kutokea pamoja na ngoma kupasuka. Dalili zake ni usikivu kushuka, mlio usioisha na kizunguzungu kinachorudi rudi.

Je, limekupata hilo? Sidhani, kwa sababu kizunguzungu chako kiliisha dakika chache na hakijarudi, na hali ya kusikia kama uko mtungini inafanana zaidi na tundu la ngoma. Lakini mlio mwembamba unaweza kuwa sauti ya koklea iliyojeruhiwa, na siwezi kuliamua hilo kwa kusoma barua. Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya sasa hivi. Kaa mahali pa kimya, funga mdomo, uvume "mmmm" kwa sauti nzito. Sauti inasikika zaidi upande gani? Ikienda kushoto, upande mbovu, ni dalili njema: sikio la ndani linafanya kazi na kasoro iko njiani, kwenye ngoma. Ikienda kulia, upande mzima, basi huenda sikio la ndani la kushoto limedhoofika. Ukitaka kuamini, mwambie ndugu yako mwenye masikio mazima azibe moja kwa kidole kisha avume. Atashangaa sauti inahamia kwenye sikio aliloliziba. Hospitalini tunafanya jambo hilo hilo kwa uma wa chuma unaolia.

Sauti ikienda kulia, safari ni kesho. Sikio la ndani likijeruhiwa kuna dawa za kupunguza uvimbe zinazosaidia, ila zinafaa zaidi siku za mwanzo, na wewe umeshatumia wiki tatu. Ikienda kushoto bado nataka uende, kwa utulivu, ndani ya wiki moja au mbili. Kutoka Kilindoni kuna boti za Nyamisati, na ukifika Dar es Salaam Muhimbili wana idara ya masikio, pua na koo. Kituo cha afya cha hapo kisiwani wanaweza kukuchungulia kwa taa na kukuandikia barua, lakini unachokihitaji hasa ni kipimo cha usikivu, kile unachovaa vipokea sauti kwenye chumba cha kimya na kubonyeza kila unaposikia mlio. Hicho ndicho kinachotenganisha kasoro ya ngoma na kasoro ya koklea.

Usisubiri boti ya kesho, nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo, kama kizunguzungu kitarudi na kukaa, usikivu utashuka ghafla, uso utapinda upande mmoja, utapata homa na uvimbe nyuma ya sikio, au kichwa kitauma sana na shingo kukakamaa. Neva inayoendesha uso inapita ndani ya ukuta wa kile chumba cha hewa, na dari ya chumba hicho ndiyo sakafu ya ubongo. Usaha ulioachiwa miaka unaweza kula mifupa ile mitatu na kufika huko.

Kuhusu mama: mwambie nimesema asante kwa huruma yake, na mafuta aweke kando. Sikio zima linaweza kuvumilia tone la mafuta, lakini lako lina mlango wazi. Mafuta yataingia chumba ambacho kinatakiwa kiwe na hewa tupu, na kitunguu saumu kinaunguza utando wake. Nimewahi kutoa vipande vya saumu kwenye sikio la mtu aliyekuja akidhani usaha umezidi, kumbe ni ngozi iliyoungua. Mama akitaka kusaidia, akulindie sikio na maji: ukioga, pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio, kisha itolewe. Hiyo ndiyo dawa kubwa kuliko zote. Likikaa kavu, matundu manane hadi tisa kati ya kumi ya aina hii hufunga yenyewe ndani ya miezi mitatu.

Matone ya rafiki yako soma jina lake. Ukiona jentamaisini au neomaisini, yarudishe. Ni dawa nzuri mahali pake, lakini zikipita tundu la ngoma zinaweza kufika kwenye lile dirisha la duara na kuzidhuru zile chembe zisizoota tena. Ni jamaa moja na streptomaisini, ile sindano ya kifua kikuu ya zamani iliyowaacha baadhi ya watu viziwi. Sikio lisilotoa usaha halihitaji matone yoyote. Likianza kutoa, daktari atakupa ya siprofloksasini, ambayo ni salama hata kukiwa na tundu.

Swali la kazi najua ndilo linalokukosesha usingizi. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, hesabu miezi mitatu tangu siku ya ajali, na hata hiyo ikipita usijipime mwenyewe kwa kuzama. Sikio lichunguliwe na lionekane limefunga. Kovu la ngoma huwa halina ule utando mgumu wa katikati, kwa hiyo ni jembamba kuliko ngoma ilivyokuwa. Tundu lisipofunga, tunaweza kuliziba kwa upasuaji, kwa utando unaochukuliwa kwenye msuli ulio juu ya sikio, na mara nyingi unashika. Kama mtu aruhusiwe kuzama baada ya upasuaji huo, madaktari hatukubaliani. Mimi humruhusu yule ambaye nimemwona akilinganisha shinikizo kwa urahisi mbele yangu, na huwakataza wengine. Lakini kipimo kikionyesha koklea imejeruhiwa, nitakuambia uache kuzama moja kwa moja, na nitakuambia nikijua nakukata mkono. Sikio la kulia ndilo litakalokuwa limebaki, na halina akiba. Katika miezi hii mitatu kuna mshipi, kuna madema, kuna pweza wa kutembelea mwambani maji yakitoka wakati wa bamvua. Kipato kitapungua, sikatai.

Siku utakaporudi, badilisha namna ya kushuka. Anza kulinganisha ukiwa bado juu ya maji, kisha kila urefu wa mkono, kabla sikio halijasema neno. Bana pua na umeze mate, au bana pua na usukume hewa kwa ulimi taratibu kama mtu anayetaka kutamka "k" mdomo ukiwa umefungwa. Usitumie kifua. Isipofunguka, panda mita moja ujaribu tena. Ikikataa, siku hiyo imekwisha. Ukishuka kichwa chini damu inajaa kwenye utando wa mrija na kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo ukiwa na kamba ya nanga ni heri ushuke miguu kwanza. Ukiwa na mafua baki nyumbani, na usimeze vidonge vya kukausha kamasi ili uzame: vikiisha nguvu ukiwa chini, hewa iliyoingia sikioni inakosa njia ya kutokea unapopanda. Usizibe masikio kwa vizibo pia, maana unatengeneza chumba kingine cha hewa nje ya ngoma ambacho huwezi kabisa kukilinganisha.

Na kompresa, mwanangu, hapana. Mpira unakupa hewa ya kuvuta. Sikio lako linabaki na kazi ile ile ya kulinganisha, tena kwa kina kirefu zaidi na mara nyingi zaidi. Juu ya hapo unavuta hewa iliyoshinikizwa, na naitrojeni inayeyuka kwenye damu muda wote uliopo chini. Ukipanda haraka inatoka kama povu la soda iliyofunguliwa, na miongoni mwa sehemu inazoziziba ni mishipa midogo ya sikio la ndani. Nimewapokea vijana waliotoka majini wazima, nusu saa baadaye hawawezi kusimama wala kusikia upande mmoja. Hao wanahitaji oksijeni hapo hapo na chumba maalumu cha shinikizo, na vyumba hivyo ni vichache mno ukanda wetu wote. Tena zile kompresa za kujaza matairi huvuta moshi wa injini zake zenyewe na kuupeleka kwenye mapafu ya aliye chini. Ukimwona mwenzako ametoka kwenye mpira na anasema kichwa kinazunguka, usimwambie alale apumzike. Mtafutieni oksijeni na usafiri.

Ukienda Dar, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi: kina, mafua, kupuliza kwa nguvu, mlio, muda wa kizunguzungu. Omba upewe karatasi ya kipimo cha usikivu chenye michoro ya masikio yote mawili, uitie kwenye mfuko wa nailoni isilowe, uitunze pamoja na vyeti vyako. Baada ya miezi mitatu watakupima tena, na watahitaji kuiona hiyo ya kwanza.